Gongo la Kasoro Kumi

Fundi aliliinua gongo hadi usawa wa jicho, akafumba jicho la pili kama anayepima unyoofu wa boriti, kisha akasoma maandishi ya shingoni. Inchi 33. Pembeni, alama ya kutoa na tarakimu 10.

"Kumbe lina kasoro kumi," akasema, "na bado wanaliuza kwa bei ya ndama?"

Mwalimu alicheka mpaka chai ikamwagikia viatu. Binti hakucheka. Gongo lile alikuwa ameliona kwenye simu miezi mingi kabla ya kuligusa, na hakupenda lichezewe maneno.

Mjadala huu nimeupanga mimi, nisije nikaulizwa majina. Fundi, Mwalimu, Binti na Mama hawapo kwenye daftari lolote la shule. Nimewaunda ili wabishane badala yangu, kwa kuwa mimi peke yangu nimelibishania jambo hili hadi nikachoka. Vipimo wanavyovitaja ndivyo vya kweli. Nimewakalisha chini ya mti mmoja wa mukima kando ya uwanja wa shule pale Embu, Jumamosi ya Julai, manyunyu yale yasiyolowesha wala kukauka yakiwa hewani. Fundi ameteremka kutoka Meru kwa matatu ya asubuhi, akavuka daraja la Nithi, lile la ajali, macho yakiwa yamefumbwa, kama wengi wetu. Kazi yake ni kukereza miguu ya vitanda na meza karibu na soko la Gakoromone. Ameitwa kwa swali moja: je, anaweza kukereza magongo ya softiboli kwa timu ya wasichana, ile softiboli ya kurusha kwa kasi, mkono ukizunguka kutoka chini kama gurudumu la kisima?

Neno lenyewe lina vita vyake. Watoto husema "bati", na anayesikia kwa mbali hudhani kuna paa linaezekwa. Nikisema gongo, mtu ananiuliza kama ni hoki. Na ukivuka mpaka wa Namanga ukasema una gongo ndani ya mkoba, askari atadhani ni pombe, atataka kunusa. Hata hivyo nitabaki na gongo. Mama yeyote aliyesoma shule ya msingi hapa Kenya na kucheza raundasi anajua ninachosema: kitu cha kupigia mpira, halafu unatimua mbio.

Mwalimu: Fundi, kasoro kumi si ila. Wanachukua urefu kwa inchi, wanatoa uzito kwa aunsi. Inchi 33 kasoro 10, basi gongo lina aunsi 23, yaani gramu 650 hivi. Kasoro 8 ni zito zaidi, kasoro 12 ni jepesi zaidi.

Fundi: Inchi ukatoa aunsi? Ni kama uchukue ekari za shamba utoe magunia ya kahawa.

Mwalimu: Ndivyo wanavyofanya.

Fundi: Haya. Na sheria inaniruhusu nifike wapi?

Mwalimu: Urefu usizidi inchi 34, hiyo ni sentimita 86 na kidogo. Unene wa tumbo usizidi inchi mbili na robo, milimita 57. Uzito usizidi aunsi 38, kama kilo moja na gramu 77. Mbao inaruhusiwa, tena hata vipande vilivyounganishwa kwa gundi.

Fundi: Basi niachieni. Mchezo wenyewe ulianzaje, kama si kwa mti?

Hapo Fundi amelenga bila kujua. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi wa klabu ya wapiga makasia. Vijana waliokuwa wakisubiri matokeo ya mechi ya vyuo walirushiana glavu ya ndondi, mmoja akaipiga kwa fimbo, na mwandishi wa habari aliyeitwa George Hancock akapiga kelele kwamba wacheze mpira. Gongo la kwanza lilikuwa mpini wa ufagio. Magongo ya aluminiamu yaliingia sokoni mwaka 1970 tu. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka themanini, mchezo huu uliishi kwa mafundi wa namna yake.

Mwalimu: Mti gani, fundi?

Fundi: Mutamaiyu. Hakuna mti mgumu kama huo. Ukipiga mpira na mutamaiyu, utauokota Runyenjes.

Mwalimu alitoa karatasi. Ni mwalimu wa fizikia kabla ya kuwa mwalimu wa michezo, na kwa watu wa namna hiyo karatasi hutoka mfukoni kabla ya neno. Alichora gongo la sentimita 84: tumbo la sentimita 25 lenye unene kamili, mteremko wa sentimita 30 unaopungua taratibu, mpini mwembamba wa sentimita 29. Akapata ujazo wa kama sentimita za ujazo 1,150.

Mwalimu: Mutamaiyu una uzito kama wa maji, au zaidi. Gongo lako litakuwa na gramu 1,150 na kupanda. Sheria inakomea 1,077. Hujampa binti gongo, umempa mchi wa kinu.

Fundi: Basi mukima. Ni mwepesi. Huu hapa tunaoegemea.

Mwalimu: Uzito wake utakubalika. Je, utastahimili mpira?

Fundi alinyamaza, akapapasa gome kwa kidole gumba. Anaijua mbao ya mukima kwa sababu ndiyo inayomlisha: kila shamba la kahawa na chai kutoka Embu hadi Imenti lina mukima mpakani, umekatwa matawi umebaki kama mlingoti. Ina mistari inayong'aa ukiipiga randa, inapendeza kwenye kabati. Lakini alikiri kwamba kwenye ukingo mwembamba hupasuka, na shingo ya gongo ni ukingo mwembamba unaopokea kishindo. Wamarekani hutumia mti wanaouita ashi, au mepo, wakachagua ubao ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka kifundo hadi ncha. Nyuzi zikikata kona, gongo hupasuka likarusha kipande chenye ncha kama mkuki.

Fundi: Kuna muhuru.

Mwalimu: Muhuru nauheshimu mno hata siwezi kuutaka.

Anajua anachosema. Muhuru, ule ambao vitabu vya Kiingereza huuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni hata kidogo, ni mti wa miteremko ya Mlima Kenya, na uko kwenye orodha ya miti inayotishiwa kutoweka. Mtu akikuuzia ubao mkubwa wa muhuru leo, swali la kwanza si bei. Kuukata ili msichana akapige nao mpira ni ubadhirifu, na ningemwambia hivyo Fundi hata mbele ya wateja wake.

Binti alikuwa amevumilia kiasi cha kutosha.

Binti: Mzee, samahani, na wewe mwalimu. Mnazungumzia uzito kana kwamba gongo ni jiwe la mizani. Mimi nikipiga na lile la mbao tulilopewa, mpira hauendi. Nikipiga na hili jeusi, unaondoka wenyewe. Situmii nguvu zaidi. Kuna kitu ndani.

Mwalimu: Hakuna kitu ndani. Ndiyo siri yenyewe.

Sehemu hii nataka niende pole pole, kwa maana ndiyo inayowapotosha hata makocha. Mpira wa softiboli si laini, licha ya jina lake. Una mzunguko wa inchi 12 na uzito wa kati ya gramu 177 na 198. Lakini ni mvivu: ukiurusha kwa kasi ya maili 60 kwa saa kwenye kitu kigumu kisichosogea, unarudi na maili 28 tu. Kiwango kinachoandikwa kwenye mipira mingi ya mashindano ni 0.47, na maana yake ni hiyo. Nguvu nyingine yote imemezwa na mpira wenyewe unapobonyea na kurudi umbo lake, ikageuka joto.

Gongo la mbao halibonyei. Linauachia mpira ubonyee peke yake, na hasara yote ni ya mpira. Gongo lenye uwazi tumboni, la aluminiamu nyembamba au la nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi ngumu, hubonyea kidogo pamoja na mpira. Ukuta wake unaingia ndani kisha unaruka kurudi, na hurudisha karibu kila ulichopokea. Kwa kuwa gongo limebeba sehemu ya kubonyea, mpira umebonyea pungufu kuliko ambavyo ungebonyea, na umepoteza kidogo. Mtu aliyewahi kulalia kitanda cha kamba kilichokazwa vizuri, kisha akalalia sakafu, ameshaielewa fizikia hiyo kwa mgongo.

Fundi: Ngoma.

Mwalimu: Naam?

Fundi: Ni ngoma. Ngozi ikikazwa sana inalia juu, haisogei. Ikilegea inalia chini, mkono unarudishwa.

Mwalimu hakujibu kwa muda. Halafu akachukua gongo la aluminiamu na lile jeusi la kaboni, akayaninginiza kwa vidole viwili na kuyagonga tumboni kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine. La kwanza lililia kama kengele ya shule. La pili lilitoa sauti nzito, fupi, kama mlango uliofungwa chumba cha pili. Mwanafizikia Daniel Russell wa Marekani amelitumia jambo hilo hilo kwa miaka mingi: mlio wa tumbo la gongo ukiwa wa chini, tumbo hilo ni laini zaidi na hurusha zaidi. Fundi alifika huko kwa ngozi ya ngoma.

Fundi: Sasa na mimi nikitoboa gongo la mti, niache uwazi, niujaze kwa vizibo kama vya chupa ya mvinyo?

Mwalimu: Hilo limejaribiwa. Mwaka 2003 mchezaji wa besiboli, Sammy Sosa, gongo lake lilipasuka uwanjani mbele ya kamera, na ndani mkawa na vizibo. Akafungiwa mechi kadhaa. Watafiti walipoyapima magongo ya namna hiyo hawakukuta mpira ukiruka kwa kasi zaidi. Ukuta wa mti unabaki mnene, haubonyei. Unachopata ni gongo jepesi tu.

Fundi: Basi mwizi aliiba hewa.

Mama alikuwa amekaa pembeni na mkoba magotini. Mwanawe si huyu Binti, wala si mpigaji. Ni mrushaji.

Mama: Nimesikia yote. Gongo linarusha, gongo halirushi. Nani kati yenu ameshauliza mpira unarudi kwa nani?

Kimya.

Mama: Mwanangu anasimama pale. Nionyesheni ni hatua ngapi.

Ni futi 43, mita 13 na sentimita 11. Lakini mrushaji hubaki hapo kabla ya kurusha tu. Hujisukuma mbele kwa hatua ndefu, na mpira unapotoka mkononi yeye yuko karibu futi sita mbele zaidi. Ukirudi, unamkuta kwenye mita 11 na kitu. Shirikisho la softiboli la Marekani liliweka kikomo mwaka 2004: gongo, likipimwa kwa mashine ya maabara, lisiutoe mpira kwa kasi inayozidi maili 98 kwa saa. Nambari hiyo ikisikika kama ulinzi, igawanye. Maili 98 kwa saa ni karibu mita 44 kwa kila sekunde. Mita 11 na kitu hupita kwa robo ya sekunde.

Binti: Lakini mama, hata yeye anarusha kwa kasi. Mpigaji naye ana muda gani? Mrushaji mzuri anafikisha maili 65. Tunapata kama sehemu nne za kumi za sekunde kuamua, kisha kuzungusha.

Mama: Wewe una gongo mkononi. Yeye ana glavu, na uso.

Hakuna aliyemjibu na sidhani jibu lipo. Wapo watakaosema mti ni salama zaidi kwa sababu haurushi sana. Ni kweli kwa mpira. Si kweli kwa vipande vya shingo iliyopasuka, na nimeeleza kuhusu nyuzi zinazokata kona. Kinga ya uso, ile ya vyuma vyembamba wanayovaa warushaji wengi wa Marekani siku hizi, ni rahisi kuliko gongo la kaboni. Kuanzia hapa, kila mtu alipotaja pesa, Mama alisema neno moja, "Kinga," na kugusa mkoba wake.

Mwalimu alipoona mazungumzo yanakwenda kwenye bei, alifunga kamba kwenye tawi la mukima. Nimewaona walimu wa hesabu wakifanya hivi: wakishindwa kwa maneno wanatundika kitu.

Alichukua magongo mawili, yote yameandikwa 33 kasoro 10, yote gramu 650 kwenye mizani ya jikoni ya Mama. Kwanza alilalisha moja juu ya kidole chake hadi likatulia, akatia alama ya kalamu. La pili likatulia sentimita mbili na nusu mbele zaidi, kuelekea ncha. Kisha akabana kila gongo inchi sita kutoka kifundo, mahali ambapo mikono huzungukia, akaliacha libembee huku Binti akihesabu kwa simu. Mabembeo kumi ya la kwanza, sekunde 15 kasorobo. La pili, sekunde 15 na kidogo.

Binti: Ni karibu sawa.

Mwalimu: Chukua muda uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa umbali wa ile alama ya kalamu kutoka kwenye kibano, uzidishe kwa uzito. Sasa linganisha.

Ilitoka tofauti ya zaidi ya asilimia kumi. Uzito mmoja, lebo moja, na gongo moja ni gumu kuzungusha kuliko jingine kwa kiasi hicho, kwa sababu tu gramu zake zimehamia mbele. Ndiyo maana ile "kasoro" haimwambii mnunuzi jambo la maana. Glenn Fleisig na wenzake walichapisha mwaka 2002 kipimo cha kasi ya magongo mikononi mwa wachezaji: kasi ilifuata namna uzito ulivyopangwa kwenye urefu wa gongo, haikufuata uzito wa mizani.

Na kasi ndiyo kila kitu. Kwa magongo mengi, kila maili moja unayoiongeza kwenye gongo humwongezea mpira maili moja na mbili za kumi hivi. Kila maili anayoileta mrushaji huongeza mbili za kumi tu. Ule usemi wa makocha kwamba mpira wa kasi "unajipiga wenyewe" ni wa kufurahisha hadhira.

Fundi: Ngoja. Kwa hiyo mtu wa jembe anajua hili.

Mwalimu: Vipi?

Fundi: Jembe ni zito mbele. Ukiwa na mpini mfupi, unainua kwa urahisi, halichimbi. Ukiwa na mrefu linachimba, lakini saa nne umechoka. Kila mtu anakata mpini wake. Huwezi kununua mpini wa mtu mwingine.

Binti aliyachukua magongo yote mawili, akageuka asione lebo, akazungusha kila moja mara tano hewani. Alichagua lile la uzito uliorudi nyuma. Kisha akapewa jingine, la inchi 32. Akazungusha. Akabaki nalo.

Binti: Hili. Lakini la kaboni bado nalitaka.

Mwalimu: Kwa nini?

Binti: Mikono. Asubuhi ya baridi nikiupiga mpira karibu na shingo ya hili la aluminiamu, ganzi inapanda hadi kiwiko. Kama shoti.

Hilo si deko, na Mwalimu alilikubali. Gongo likipigwa hutetemeka kama mti mwembamba unaokung'utwa; kuna mahali kwenye tumbo, inchi tano hadi saba kutoka ncha, ambapo mtetemo hautokei mikononi, na wachezaji hupaita patamu. Ukipiga nje ya hapo, mtetemo wote unashuka kwenye mpini. Magongo ya vipande viwili, tumbo la kaboni na mpini wake tofauti, huwekwa kiungo laini katikati kinachomeza sehemu ya mtetemo huo.

Lakini kaboni ina ugonjwa wake wa Julai. Watengenezaji wengi huonya gongo hilo lisitumiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 15 au 16 hivi, kwa sababu mpira unakuwa mgumu na ukuta wa kaboni unapata nyufa. Asubuhi ya Julai Embu, na zaidi Meru, ipo hapo hapo au chini yake. Halafu gongo jipya la kaboni hutakiwa kuzoezwa: mipira 150 au 200, ukiligeuza robo kila mara, ndipo nyuzi zake zilegee lirushe lipasavyo. Wapo wanaofupisha njia kwa kulibana kati ya magurudumu, au kuling'oa kizibo na kulisaga tumbo kwa ndani liwe jembamba. Marekani waamuzi hubeba kifaa cha kulibana tumbo ili kuwanasa. Hapa kwetu kifaa hicho kingekuwa na kazi gani? Magongo yaliyochakaa tunayopata kwa hisani ya wageni yamelegea bila mtu kuyasaga. Hakuna anayejua yamepigwa mara ngapi, wala yana nyufa gani chini ya rangi.

Mwalimu alitaka kuongeza jambo la hewa, na niliruhusu kwa kuwa ni la hapa. Embu iko juu ya bahari kwa mita 1,350 hivi, mji wa Meru umepita 1,500. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia kumi. Mpira uliopigwa juu unakwenda mbali zaidi. Na mpira wa kupanda, ule ambao mrushaji anauzungusha nyuma ili uonekane unainuka, hauna hewa ya kutosha kuushika, unapinda kidogo kuliko ungepinda pwani. Mrushaji wa milimani akishuka Mombasa atashangaa mpira wake umejifunza kucheza. Mpigaji wa milimani atashangaa wake umejifunza kulala.

Mama: Kinga.

Ubishi wa pesa ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Gongo jipya la kaboni la daraja la juu ni zaidi ya dola 300 kabla ya nauli na ushuru. Bonasi ya chai ya mtu wa shamba dogo haina kazi ya kununua kitu kitakachopata ufa asubuhi ya Julai. Aluminiamu ya kipande kimoja ni sehemu ndogo ya bei hiyo, haizoezwi, haiogopi baridi, na ikibonyea unaiona kwa macho, haikufichi. Huo ndio msimamo wa Mwalimu. Ndio wangu pia, na sioni haja ya kuuficha kwa kujifanya msuluhishi.

Binti: Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Mwaka 2028 softiboli inarudi Olimpiki. Huko kila mtu anapiga na kaboni. Sisi tutafika na sufuria?

Mwalimu: Sufuria yako utaizungusha kwa kasi.

Binti: Na mikono?

Mwalimu: Glavu za kupigia. Na uache kupiga karibu na shingo.

Jibu hilo halikumridhisha, nami halikuniridhisha. Kuna kiburi fulani katika kumwambia mchezaji wa Embu atosheke na kifaa ambacho mwenzake wa Japani amekiacha. Nimekiandika kiburi hicho hapa kikiwa chini ya jina la Mwalimu, lakini ni changu.

Fundi alikuwa ameondoka kwenye mazungumzo bila kuondoka kwenye benchi. Alikuwa ameomba boksi la katoni, akalipasua, akalilaza lile gongo la inchi 32 juu yake na kulizungushia kalamu ya seremala kutoka kifundo hadi ncha. Aliligeuza robo akachora tena, kuona kama ni mviringo kweli. Kisha akamwita Binti.

Fundi: Njoo ulilaze kidoleni kama mwalimu alivyofanya.

Binti akalilaza. Likayumba, likatulia. Fundi akaweka alama kwenye katoni.

Fundi: Sikuahidi la mechi. Mukima utapasuka, mwalimu amesema kweli, na muhuru siukati. Lakini nina mkaratusi uliokauka miaka miwili, nilikuwa nimewekea mipini. Nitawakerezea ya mazoezi, membamba, hata nusu ya unene wa tumbo. Mpigie mipira ya soksi nyuma ya bweni. Ukipapata patamu kwenye kitu chembamba hivyo, kwenye hili utapapata gizani. Na uzito nitauweka hapa. Alama yako, si ile ya dukani.

Mwalimu: Bei?

Fundi: Ya mpini wa jembe.

Mama alifungua mkoba, akatoa bahasha, akahesabu noti kwa utulivu juu ya magoti, akazirudisha zote isipokuwa moja. Ile moja akampa Fundi.

Mama: Nikerezee moja. Hizi nyingine zina kazi.

Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua kamili. Fundi aliikunja katoni, akaitia ndani ya koti upande wa kifua, akakimbilia matatu ya kurudi Meru.